Kabla ya Asante

Huku Tacuarembó kibuyu ni kimoja,
bomba moja la bati, majani machungu.
Anayemimina hunywa wa kwanza, kisha kinazunguka,
kila mdomo na zamu yake,
wala hakuna anayefuta.
Ukikirudisha kimya, utajaziwa tena.
Ukikirudisha ukasema asante,
umetoka kwenye duara.

Eber Larrosa alisema asante duru ya kwanza.
Jumapili ya Julai, baridi ya kuvunja kucha.
Nilidhani ni tumbo.

Mtu yule alizaliwa na mkaguzi kifuani.
Shuleni akipewa tisa juu ya kumi
aliitafuta ile moja hadi chini ya dawati.
Akinyoa kondoo themanini kwa siku,
yule mmoja aliyemchubua sikio
ndiye aliyemkosesha usingizi.
Ungemwomba damu, angeuliza ujaze debe lipi.
Yeye kuomba chumvi? Angekula chapwa mwaka mzima.

Kisha mgongo ukamwacha.
Kisha mwanawe Danilo akaenda Montevideo
kwa ugomvi wa neno moja
ambalo kila mmoja ananisimulia kivyake.
Eber akahamia chumba cha nyuma kwa dada yake,
akawa anakula kidogo,
anazima taa mapema,
anatembea kwa ncha za vidole
kama mgeni aliyepitiliza siku zake.

Jumatatu akanirudishia ngazi.
Miaka tisa! Nilikwisha kusahau kuwa ni yangu.
Ameitia msumari mpya, ameipaka rangi ya kijani.
Jumanne mbwa wake akawa wa watoto wa jirani.
Jumatano, dukani, Bittencourt akaniambia kwa furaha:
Larrosa kalipa yote, hata kile kiberiti.

Sisi tuna kipimo chetu: mwenye kulipa ni mzima.
Nilifika nyumbani, nikavua kiatu kimoja,
nikakivaa tena.

Sikuzunguka. Nilisema, Eber,
unafikiria kujiua?

Birika ikachemka mpaka ikachoka.

Akasema, nimepiga hesabu, Zulma.
Nimeirudia usiku mwingi.
Nikijitoa mimi, jumla inaongezeka.

Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Hapa kwetu ni kanda la sufu,
na sufu ikinywa mvua
wanaume wanne hawaiinui.
Huyu alikuwa ameibeba peke yake
akiomba radhi kwa nafasi anayochukua njiani.

Sikuwa na jibu la kitabuni.
Nikasema, paa langu linavuja.
Ngazi umeirudisha, na mimi nina miaka sitini na nne.
Nani ataishika chini?

Mgongo wangu, akasema.

Kushika si kubeba.

Alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa.
Usiku ule sikuondoka.
Vitu ambavyo nyumba haikupaswa kuwa navyo
nikamwomba dada yake tuvitoe, tukavitoa.
Asubuhi tukapanda basi kwenda zahanati,
yeye dirishani, mimi upande wa mlango.
Daktari, msichana wa Rivera mwenye mafua,
alimuuliza lile lile nililouliza,
na Eber akajibu haraka zaidi.

Sisemi amepona. Kuna vidonge, kuna Alhamisi
anapokwenda kuongea na kurudi kachoka
kuliko siku ya kunyoa.
Kuna asubuhi hafungui mlango,
nami nagonga mpaka atukane.
Danilo alipiga simu. Walizungumza habari za mvua,
dakika kumi na moja. Dada yake alihesabu.

Mbwa alijirudia mwenyewe.

Paa bado linavuja; tulikosea vigae,
na kosa, kwa mara ya kwanza, akasema ni la wawili.

Jumapili hii kibuyu kilimfikia.
Akanywa hadi bomba likakoroma,
akanirudishia, akafungua mdomo.

Nilisubiri mkono ukiwa juu ya birika.

Akapiga mwayo.
Nikamimina.