Tundu la Unywele

Mama Sechelela kaja na kichupa cha dawa ya macho,
ndani spiriti, na chini kabisa kitu kama vumbi.
"Si vumbi," kasema. "Vumbi la Hombolo silihitaji kulibeba.
Vitunguu vyangu vimeota mvi kabla ya kuota vichwa.
Nipe jina lake, nijue dawa ya kununua."
Akaketi kwenye benchi la nje, upepo ukimvuta kanga.

Nikamnyanyua mmoja kwa ncha ya brashi,
nikamlaza kifudifudi kwenye kioo, nikamfungua mabawa:
vijiti vinne vyenye ndevu,
sijui huruka vipi.
Taya analo moja, la kushoto.
La kulia hakupewa, na shamba kalimaliza hivyo hivyo.

Kitabu cha utambuzi huuliza kama karani wa mahakama:
Vipapasio vina pingili ngapi? Saba, nenda kumi na mbili.
Nane, endelea.
Mbele ya vijicho vitatu vya utosini, pana jozi ya nywele?
Ikiwepo, ni Frankliniela.
Isipokuwepo, huenda ni Thripsi,
jenasi iliyogawa jina lake kwa ukoo mzima.

Nikahesabu nane. Nikahesabu tena, nane.
Utosini, hakuna unywele.
Kalamu imefika "Thri"
umeme ukakatika.

Nikakaa gizani na hadubini iliyopofuka.
Bibi yangu Nyamwanji, akiulizwa kwao ni wapi,
hakujibu. Alitabasamu tu:
pengo la meno mawili ya chini,
yaliyong'olewa akiwa binti, kwa makusudi.
Wageni walimpa pole ya uzee.
Wagogo wenzake walimpa kiti.

Umeme uliporudi nikapunguza mwanga,
nikageuza kirekebishi polepole, polepole,
na pale utosini, vikazuka:
vitundu viwili, mviringo, vitupu.
Unywele ulidondoka. Labda kwenye brashi yangu.
Mahali pake hapakudondoka.

Nikafuta "Thri". Mikono ilitetemeka kidogo,
ningemwandika mtu kwenye ukoo usio wake.

Nje, nikamtajia jina.
Akalijaribu mdomoni: Fura... Furankilini...
akacheka, akaliacha.
"Sawa. Na kichupa changu nirudishie,
kesho nakuletea wa kwenye nyanya."