Kilo Mbili

Dikshonari ya baba ilikuwa na kilo mbili na nusu.
Najua kwa sababu ilipimwa,
si na mwalimu, ila na mjomba Nantanga,
mnunuzi wa korosho wa mlango wa nyuma.
Aliiweka upande wa kushoto wa mizani
akasema, "Hii ni kilo mbili,"
na watu wa Naipanga wakakubali.
Nani abishane na kitabu cha Kiingereza?

Baba aliipata Mradi wa Karanga ulipokufa Nachingwea.
Mzungu wa stoo alikuwa akifunga masanduku,
moja likakataa kufunga. Akatoa kitabu.
Karatasi laini kama ganda la kitunguu,
ubavuni vijishimo vya kidole gumba,
ngazi ya kushukia toka A mpaka Z.
Karani Hilarion Mpunga aliisoma
kama mtu anayekula samaki,
polepole, akitema miiba pembezoni
kwa penseli ya kopi:
*hili ni kama unyenyekevu, lakini silo.*

Kisha mjomba akaiazima.
"Wewe si umeshaisoma?"
Msimu wa kwanza baba alinyamaza. Shemeji ni shemeji.
Msimu wa pili akamwona Bi Somoe barazani kwetu
akihesabu noti mara tatu,
noti zilezile.

Korosho zilipokwisha akaidai kitabu chake, "nikitunze,"
akaanza kunakili.
Alianzia mwisho, akirudi nyuma.
Z ikaisha usiku mmoja.
X haikumaliza hata njiti ya kiberiti.
W ikanywa koroboi mbili za mafuta.
Lakini S, jamani,
S ndiyo herufi nene kuliko zote kwa Waingereza,
ilimaliza kaunta buku tatu na jicho lake la kulia.
Mimi nilikuwa darasa la tatu, namshikia taa.
Nilidhani ni adhabu.

Masika yalipoingia akailaza sakafuni,
sakafu ya udongo, kona inayotoa jasho,
jalada la mwisho chini;
baba huyohuyo aliyenichapa
kwa kukunja sikio la ukurasa.
Mchwa wakaingia bila kunawa.
Wakala Z, wakala W,
wakala S nzima na neno lao la mizani mlemle,
wakasimama kwenye R.
Baba akakung'uta vumbi uani, akafunga.
Nje kitabu, ndani pango.

Mjomba hakuifungua. Hakuwahi kuifungua.
Akaiweka kushoto kama desturi,
akanunua msimu mzima akijipunja
robo kilo kila kilo mbili.
Alikufa akiwalaani wapagazi.

Siku hizi nina kibanda cha steshenari karibu na stendi.
Simuni nina dikshonari nzima, haina uzito wa punje,
inatamka kwa sauti ya dada asiyemeza mate,
na hunimalizia neno kabla sijalimaliza,
kama mjomba.

Jana kijana wa chama cha msingi kaleta malalamiko
yageuzwe Kiingereza, yaende kwa mnunuzi wa nje.
Mstari wa kwanza tu: *kangomba.*
Simu ikazunguka, ikazunguka. Haina.
Kompyuta ikalipigia mstari mwekundu,
kama inavyoipigia Naipanga, na Somoe, na Mpunga.
Ukoo mzima ni makosa ya tahajia.

Nikavuta kaunta buku chini ya meza.
S, katikati, mwandiko umeinama kwa usingizi,
neno lao la mizani na maana zake:
moja, magamba ya samaki;
mbili, ngazi;
tatu, kipimo cha ramani;
nne, chombo cha kupimia uzito.
Halafu ya tano, kwa penseli ya kopi,
ambayo Mwingereza hakuiandika:
*tazama Nantanga.*

Nikacheka mpaka kijana akasimama.
Kangomba nikaliacha lilivyo,
nikalieleza kwa mistari mitatu.
Akauliza bei. Elfu sita.
Alizihesabu noti zake mara tatu kabla ya kunipa,
na sikumwambia aharakishe.