Buluu Iliyobaki

Wananiuliza: Nyafwono, kilikupata nini?
Wanataka msiba. Msiba ungewatosha.
Hata ugonjwa, hata mume aliyetoroka na vyombo,
wangetikisa kichwa, wangesema pole, wangekwenda zao.

Sina cha kuwapa.
Jumanne moja niliosha brashi,
nikazisimamisha koponi vichwa juu,
nikasema: kesho.
Kesho ikaenda miaka sita.

Miaka sita mpakani Malaba, dirisha la pili,
nagonga muhuri mpaka bega likazoea kabla yangu,
malori yamepanga foleni hadi ng'ambo ya reli:
vitunguu, mitumba, petroli, vitunguu tena.
Kwenye fomu kuna kisanduku, RANGI YA GARI,
upana wake kidole gumba.
Nyeupe. Nyeupe. Nyekundu. Buluu.
Nani angenivumilia niandike
nyekundu ya udongo wa Nagongera mvua ikishapita,
pale ambapo ng'ombe hajakanyaga bado?
Kisanduku ni kidogo. Nikajifunza kuwa mdogo.

Basi juzi umeme ulikatika Tororo nzima,
nikapapasa mshumaa chini ya kitanda,
mkono ukagusa kopo.

Brashi zilikuwa kwato. Nikazitia kwenye mafuta ya taa.
Nyeupe imepasuka kama kisigino,
njano imekufa kitambo, haina hata harufu.
Tyubu ya buluu ilikuwa jiwe,
ila zito, zito kwa namna ya kitu kinachoficha.
Nikamwita Owor, mtoto wa jirani, anishikie tochi,
nikaipasua kwa wembe, urefu wake wote, kama muhogo.
Ganda, ganda, ganda,
halafu katikati, kiasi cha punje ya haragwe,
ikang'aa. Mbichi.

"Kumbe inalia," akasema Owor.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta karatasi.

Karatasi Tororo haikosekani: mfuko wa saruji,
uukung'ute, uchane mshono, uugeuze ndani nje.
Vumbi lake tunalivuta tangu tuzaliwe,
liko juu ya migomba, liko kwenye chai,
sembuse kwenye picha.

Nikaanza na Mwamba. Nani hapa hajaanza na Mwamba?
Wanasema mkono hausahau.
Wangu ulisahau. Ulikwenda kama mbuzi wa kununuliwa,
anayeijua njia ya kwao tu.
"Hilo ni andazi?" akauliza Owor.
Nilicheka mpaka mafuta ya taa yakamwagika.
Lilikuwa andazi kweli.

Ndipo nikaona mkono wake:
amefunika tochi kwa kiganja, kwa utundu,
mwanga unapenya nyama, kila kidole kaa la moto.
"Tulia hivyo hivyo."
Nyekundu sina. Nikapaka kwa kilichopo.
"Vidole vyangu si buluu, Mama."
"Usiku huu ni vya buluu. Usitikisike."
Haragwe likaisha kabla ya kidole cha mwisho.
Kidole hicho kiko hivyo mpaka sasa,
rangi ya mfuko, na nusu ya namba ya kiwanda.

Asubuhi, dirisha la pili, buluu chini ya ukucha,
lori likaja. Nikaandika:
buluu iliyopigwa jua, mlangoni imechunika,
kijani cha zamani kinachungulia.
Maneno yakatoka kwenye kisanduku,
yakapanda hadi jina la dereva.
Bwana Okware akairudisha. "Andika upya."
Nikaandika upya: Buluu.

Ile iliyokataliwa nimeikunja mara mbili, imo mfukoni.
Mgongo wake mweupe.