Saa Tano na Dakika Arobaini na Moja

Kila Desemba, theluji ikigusa tu vioo,
mtu huuliza mezani: wewe ulikuwa wapi?
Nami huwa tayari, kama mwanafunzi aliyekariri.

Nilikuwa Yerevan, kwa daktari wa meno,
kinywa wazi, koleo limeng'ata gego.
Taa ikayumba juu yangu.
Nikadhani ni ganzi.
Daktari Siranush akasema, "Tulia, binti,"
na mkono wake ndio uliokuwa hautulii.
Gego likatoka. Nikapanda tramu na pamba shavuni.

Wageni hupenda hapo kwenye ganzi.
Hutikisa vichwa, kisha hupokezana:
huyu alikuwa akipiga pasi, yule foleni ya siagi,
Vardkes alikuwa Moscow, na bado ana lake la kusema.

Mume wangu hukata mkate.
Yeye alikuwa Leninakan.
Miaka thelathini nimelala ubavuni pake,
kovu la bega nalijua kwa kidole, si kwa maneno.

Mwaka huu mjukuu wetu Narek kaja na daftari la shule,
penseli imechongwa,
hajui miiko ya nyumba hii:
"Babu, ulikuwa wapi?"

Kisu kikasimama katikati ya mkate.

"Ghorofa ya nne," akasema.
"Halafu ghorofa zikaisha."

Narek akaandika: ghorofa ya nne.
Akasubiri, penseli hewani.
Babu yake akaomba chumvi,
nami, mwenye hadithi ya jino,
nikamsogezea.