Ukurasa wa Nyuma

Karafuu mbichi nazipokea kwa pishi.
"Kidogo" siikubali.
Mgeni binti Shaame akifika na pakacha lake
namwambia: mwaga, tusawazishe, tuhesabu.
Pishi tano na vibaba vitatu.
Kibaba kimoja nikikipoteza
atanidai mbele ya mizani ya Kiyama.

Miaka kumi na minne, karani wa shamba,
daftari langu halina mkwaruzo.

Ndipo yule daktari wa Wete, kijana tu,
akanibonyeza ubavu wa kulia, chini, palipovimba,
akauliza huku anaandika:
"Unakunywa?"
Mke wangu alikuwa nje ya pazia, naiona miguu yake.
Nikasema, "Kidogo."
"Kidogo ndiyo ngapi?"

Yakhe, mie, karani,
nikakosa tarakimu.

Basi nikafunua ukurasa wa nyuma,
ule ambao tajiri haufiki,
nikajiandikia kama ninavyomwandikia mchumaji yeyote:

Jumamosi. Kwa Faki mgema, tembo tamu, kata mbili.
Lile la jana, lililochachuka, tatu.
Jumapili. Nimesahau.
(Na kusahau nikakuandika.)
Jumatatu. Moja tu. Halafu moja tu. Halafu moja tu.
Jumanne. Nusu chupa ya gongo, ya kuitia usingizi.
Usingizi haukuja. Ilikuja alfajiri,
na mkono uliotikisa pishi hadi karafuu zikamwagika.
Mgeni akaziokota moja moja,
hakusema neno.
Ijumaa. Kabla ya sala, hakuna.
Baada ya sala, nne.

Nikajumlisha mara tatu,
kama tajiri anayemshuku karani wake.
Ishirini na sita.
Na karafuu nilizotafuna njiani kuficha pumzi,
hizo nazo zingejaza kibaba,
mali ya watu.
Nilidhani nanukia shamba.
Mize alijua tangu zamani:
nani Pemba hii hutafuna karafuu kwa utamu wake?

Wiki ya pili, kumi na tisa.
Ya tatu, ishirini na moja; palikuwa na harusi.
Ya nne, kumi na moja.
Faki anasema nimemnunia.
Simsifu wala simlaumu:
yeye anajua kupanda na kushuka,
mie nilijua kupanda tu.

Jana Mize kalikuta daftari.
Nikangoja kilio. Kaomba kalamu.
Kwa mwandiko wake wa kujifunzia ukubwani
kaandika chini ya jumla yangu:
*Sahani nilizofunika, zikalala: tisa.
Mara mtoto alipouliza baba yuko wapi: sikuhesabu.*
Kanirudishia.
"Hesabu yako ilikuwa haijatimia."

Leo nimepima za watu mpaka magharibi.
Nimeandika: mkono haukutetemeka sana.
Nikaitazama hiyo "sana".
Nikaikata.
Mkono umetetemeka mara nne.