Kikombe cha Saba

Kazi yangu ni kufyonza na kutema.
Vikombe kumi juu ya meza ya duara, kijiko, ndoo ya mabaki,
kisha naandika: limau kidogo, udongo, moshi.
Miaka kumi na tisa ulimi huu
umelisha watoto watatu na mama mkwe.

Jumanne ile, kikombe cha saba,
kijiko kililia juu ya kauri kama meno ya mwenye homa.
Vidole vikafa ganzi. Kifua kikakazwa mkanda.
Nikausikia moyo masikioni
ukikimbia, na hakuna anayeukimbiza.
Nikasema, "Kahawa hii kali," nikatoka,
nikaushika ukuta wa ghala
hadi chokaa ikabaki viganjani.

Daktari alinifunga nyaya, mashine ikachora vilima karatasini.
"Moyo mzima," akasema. "Punguza kahawa."
Nilicheka. Hata muuguzi alicheka.
Usiku sikucheka.

Saa tisa usiku naijua Moshi kuliko walinzi wake:
mbwa wa Pasua wanaoanzisha, wa Majengo wanaoitikia,
lori la ndizi likishusha gia.
Naamka, nakagua mtungi wa gesi. Umefungwa.
Nalala. Naamka. Labda niliufungua nilipoukagua.
Binti akichelewa dakika kumi nimeshamzika,
nimeshachagua na nyimbo za kwaya.

Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni siku zote.
Wasiwasi. Tunalitoa kama chenji:
ondoa wasiwasi, hamna wasiwasi,
fundi bomba hulisema huku maji yanamfika magotini.
Sikujua kwamba laweza kuhamia kwa mtu
na kulala upande wa ukutani.

Shemeji akasema, jikaze.
Mzee wa usharika akaniombea; namshukuru, nililala siku mbili.
Kaka yangu Aminirabi akashuka na majani machungu kutoka Kibosho,
nikaonja, nikatema kwa mazoea, akanuna hadi Pasaka.

Ndeshukurwa, mke wangu, hakuniuliza nina nini.
Aliuliza, "Tangu lini hukalii kiti chote?"
Nikajitazama: nimekaa ukingoni,
viatu miguuni,
sebuleni kwangu, Jumapili.

Bi Mfinanga, mwanasaikolojia, yuko ghorofani, juu ya duka la vioo.
Pikipiki niliiegesha mtaa wa pili, mtu asiitambue.
Siku ya kwanza nilifika ngazini, nikarudi.
Ya pili nikasingizia dukani,
nikanunua kioo nisichokihitaji.
Ya tatu alikuwa mlangoni anakung'uta mkeka,
akasema karibu, nami sikuwa na uongo ulio tayari.

Alinipa maji. Akauliza hofu yangu ina ladha gani.
Swali la kazini! Nikafumba macho.
"Shaba," nikasema. "Sarafu iliyokaa kiganjani.
Nyuma yake, maziwa yaliyoungua."
"Uliionja lini kwanza?"

Na mimi, mtu mzima, mvi kidevuni,
nikarudi jikoni kwa mama
siku walipoleta habari za baba kutoka barabara kuu.
Nilikuwa na miaka tisa.
Watu wanalia uani, mmoja akanigeukia:
wewe, kazime jiko.

Sikumbuki kama nililizima.

Hakusema neno kwa muda mrefu. Nami nikalia
kilio kibaya, cha makamasi,
cha mtu asiyejua kulia kwa sababu hakuwahi kufanya mazoezi.

Leo ni Alhamisi ya kumi na moja. Sijapona, tusidanganyane.
Usiku wa jana niliamka, nikaukagua mtungi mara moja,
mara ya pili miguu ikataka, nikakaa nayo kitandani,
nikitoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta, kama alivyonifunza.
Mbwa wa Pasua wakaanza.

Kazini kuna kijana mgeni, Elifuraha.
Kijiko chake kinalia kwenye kauri. Anasema kahawa kali.
Bado natafuta maneno ya kumwambia.

Ila leo pikipiki nimeiegesha mbele ya duka la vioo,
mchana kweupe.