Herufi Isiyoongeza Uzito

Chiromo, saa nane usiku. Pampu inakoroma
kama mgonjwa aliyekataa kuamshwa.
Stima ilikatika magharibi, ombwe likavuja,
nimekaa saa tano nikilibembeleza lirudi.

Chachu niliinunua dukani kwa Mutindi, Kariokor,
ileile anayoumulia mandazi.
Nimeipasua, nimechomoa nyuzi zake za RNA,
nikazimwagia vimeng'enya vizitafune
mpaka zikabaki herufi tupu, mojamoja:
A, na U, na G, na C.

Nne tu, alisema mwalimu, akafuta ubao.
Lakini hii hapa A
imezidi kwa kumi na nne,
uzito wa kaboni moja na hidrojeni mbili.
Imevaa kipini puani, haikumwambia mtu.

Mamangu alipima viazi Marikiti miaka thelathini.
Lumbesa aliijua kwa kuitazama shingo,
jiwe ndani ya gunia, kwa mlio.
"Mizani haidanganyi," alikuwa akisema,
"kinachodanganya ni mkono."
Kisha anaegemeza kidole, kidogo tu.
Ada yangu ya shule, sitaficha,
ilitoka kwenye kidole kile.

Nimemkumbuka kwa sababu ya vilele viwili.
Kimoja kimetoka dakika ya tatu, kingine ya sita:
mia mbili arobaini na nne,
mia mbili arobaini na nne.
U, na U nyingine iliyogeuka kiunoni
ikaishika sukari kwa upande wa pili.
Haikuongeza kitu. Haikupunguza.
Mashine iliyogharimu mamilioni
inaziita kwa jina moja.

Basi nikazigongesha kwenye gesi.
U ya kawaida iliachia sukari yake papo hapo,
kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake.
Ile nyingine ikapigwa,
ikatoa maji, ikatoa maji tena,
sukari haikuiachia.

Nikaendesha upya. Haikuiachia.

Asubuhi Daktari Lelgo atauliza: asilimia ngapi?
Nitampa namba, na shaka yake pembeni,
na kidole changu nitakiweka mfukoni.
Jedwali halina safu ya kuandika
namna ilivyong'ang'ania.

Naosha sindano mara tatu, maji, methanoli, maji.
Sampuli ya kumi na saba.
Taa zinapepesa kidogo.
Usikatike, nauambia umeme. Tafadhali. Si sasa.